Kabati la Njia Tisa

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kamati ya Ufadhili wa Masomo, Mganga Mkuu wa zahanati hii pamoja na wauguzi wako, walimu wetu, wazee, mama zetu na baba zetu wa njia zote tisa, ndugu wageni waalikwa, vijana wetu wa ufadhili mliovaa fulana ambazo bado zina mikunjo ya dukani, na wewe Mama, ambaye itifaki imekuweka mwisho ingawa kiti chako kiko mbele kuliko vyote: nawasalimu kwa heshima.

Nimepewa dakika kumi na tano. Mshereheshaji ameniambia hivyo mara mbili, na mara ya pili alinionyesha saa. Namheshimu sana, lakini leo namwomba aitie saa yake mfukoni, kwa sababu nina neno nililokaa nalo miaka thelathini na minne, na neno la namna hiyo likianza kutoka haliangalii saa ya mtu.

Tumekuja kumuaga mtu aliyefagia zahanati hii kwa miaka arobaini na mmoja. Kwenye orodha ya watumishi ameandikwa mhudumu wa usafi. Sisi tunamwita Mama Kabati, wakubwa kwa wadogo, na nina hakika wengi wenu hamjawahi kujiuliza jina lenyewe lilitoka wapi. Basi geuzeni shingo kidogo. Mnaliona lile kabati pale nyuma ya dirisha la mapokezi? Lile la mbao nzito, lenye droo tisa ndefu, na droo ya sita iliyong'oka mpini ikafungwa kamba? Lilipoletwa, kadi za wagonjwa zilikuwa zikitupwa humo kama kuni. Muuguzi alikuwa mmoja, wagonjwa hawahesabiki, na kila asubuhi nusu saa ilipotea kutafuta kadi ya mtu wa kwanza. Huyu mama, ambaye hakwenda shule hata siku moja, alivumilia vurugu ile kwa mwezi mzima. Mwezi wa pili akazipanga.

Alizipangaje? Hakuweza kusoma majina, kwa hiyo hakuyahitaji. Alimwomba yule muuguzi, Sista wetu, amtajie kila kadi ni ya nani, kisha akaiweka mahali mtu huyo anapoishi. Zinatoka njia tisa kwenye uwanja huu wa zahanati, na kabati lina droo tisa. Droo ya kwanza ni njia ya kisimani, ya pili njia ya shule, ya tatu njia ya machimbo ya mawe, na kuendelea. Ndani ya droo, kadi zimesimama kama nyumba zinavyokutana nawe ukitembea. Msichana akiolewa, kadi yake ilihamia droo nyingine. Pacha walifungwa pamoja kwa uzi. Mtu akifariki, kadi yake iligeuzwa kisogo, ikabaki pale pale mpaka watu wa nyumba yake waje wenyewe kuiomba. Mgonjwa alikuwa hajafika dirishani, kadi yake iko mezani kwa Sista, maana Mama alikuwa amekwisha kumwona anakotokea.

Sasa niingie mimi.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa, mwaka wa kwanza wa chuo, mtoto wa kwanza wa njia ya nne kupata ufadhili. Sharti la ufadhili lilikuwa hili hili mlilopewa ninyi: likizo ndefu unarudi kwenu, unajitolea saa mia moja na ishirini, na mwisho fomu yako inatiwa sahihi na mtu wa pale uliyefanya naye kazi bega kwa bega. Asiyejua kuandika anaweka kidole gumba. Ndugu yako haruhusiwi, na bosi wa mahali haruhusiwi. Fomu isiporudi na sahihi, ufadhili unakatika, na kwetu ufadhili ukikatika ilikuwa basi. Hapakuwa na mjomba wa kupigiwa simu.

Nilishuka kwenye basi na kichwa kilichovimba. Nilikuwa nimesomea utunzaji wa kumbukumbu kwa miezi minane, na miezi minane ya elimu ni kitu cha hatari sana. Mtu asiyesoma anajua kwamba hajui. Aliyesoma miaka mingi naye ameshaadhibiwa na maisha. Lakini wa miezi minane? Huyo mpishe njia. Siku ya pili nikafungua kabati, nikaona kadi zimesimama bila mpangilio wowote niliofundishwa, nikasikitika kwa dhati. Nikawaonea huruma watu wangu, na nikashukuru kwamba wamepata mtu wa kuwasaidia.

Mama alikuwa amesafiri kwenda kumuuguza dada yake, wiki moja tu. Wiki hiyo nilifanya kazi ambayo sijawahi kuifanya tena kwa kasi ile. Nilizimwaga kadi zote sakafuni, nikazipanga kwa alfabeti. Nikakata uzi wa pacha, kwa kuwa niliona ni uchafu. Kadi zilizogeuzwa kisogo nikazigeuza. Katikati ya kazi nikakutana na kadi yangu mwenyewe ya utotoni, nikaisoma, nikacheka, nikaitia kwenye mkoba iwe ukumbusho, kwa maana nilijiona mtu wa mjini sasa na kijijini nimebaki mgeni. Mwisho nikabandika herufi kwenye kila droo kwa karatasi ya rangi. Kabati likapendeza. Sista alinipongeza. Nilimwandikia mwalimu wangu barua.

Jambo moja tu sikulifikiria. Hapa kwetu, tangu zamani, mtoto anapewa jina la babu au bibi, na babu naye alipewa la babu yake. Kulikuwa na jina moja la kiume lililokuwa na kadi kumi na nne. Kumi na nne, ndugu zangu, jina la kwanza sawa, la ukoo sawa, na nane kati yao walikuwa watoto wa chini ya miaka mitano.

Mama alirudi siku ya kliniki ya watoto. Alikuta benchi limejaa, foleni imefika kwenye tangi la maji, na mimi nimesimama kabatini jasho linanitoka. Alichukua ndoo yake, akaanza kupiga deki chumba cha sindano. Akina mama wanataja majina, mimi natoa kadi, na kama kadi ziko nyingi za jina moja, natoa ile ya mbele. Ndiyo, natoa ile ya mbele. Mnaguna, na mna haki ya kuguna.

Akaingia mama mmoja wa njia ya machimbo, na mwanawe, mmoja wa wale kumi na nne, ana homa. Nikatoa kadi, Sista akaisoma, ikawa safi, akavuta dawa kwenye sindano. Mtoto ameshalazwa mapajani, suruali imeshashushwa. Mama akaacha kupiga deki. Alisema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayeuliza chumvi, "Sista, huyu ni wa machimboni. Kadi yake ina wino mwekundu."

Wino mwekundu maana yake nini? Maana yake mwaka uliotangulia mtoto yule alidungwa dawa ile ile koo likavimba, na walimpeleka hospitali kwa baiskeli huku baba yake akilia njia nzima. Sista aliiweka sindano chini taratibu. Alisogea mpaka kwenye benchi la wagonjwa, akakaa. Sisi tukatafuta ile kadi ya wino mwekundu kwa muda ambao hata leo sijui kuupima, na ilikuwa ya kumi na moja nyuma ya ile niliyoitoa.

Siku hiyo, zahanati ilipotulia, Mama alinipa vidonge vyangu. Hakupandisha sauti. Alisema, "Umesoma, mwanangu, sikatai. Lakini kabla hujagusa, ulimuuliza nani?"

Sikuwa nimemuuliza mtu.

Zilikuwa zimebaki siku tatu basi langu liondoke. Tulikaa wawili sakafuni, mimi nasoma jina, yeye ananiambia nyumba. Tulirudisha droo mbili. Siku ya tatu nikatoa fomu yangu na kibweta cha wino, nikamwomba aweke kidole. Akaniuliza kama kadi zimerudi. Nikamwambia droo mbili zimerudi. Akasema, "Siku zitakaporudi zote tisa, nitaweka." Nikamkimbilia Sista, naye akasema yeye ni mkubwa wa mahali, haruhusiwi, na hata angeruhusiwa asingefanya.

Mheshimiwa Mwenyekiti, hapa ndipo ninapokuomba unisikilize wewe zaidi ya wengine.

Nilipanda basi na fomu tupu. Kituo cha pili basi lilisimama kujaza maji. Nilishuka, nikaenda nyuma ya duka la vipuri, nikafungua kibweta, nikachovya kidole gumba changu mwenyewe, nikakibandika pale palipoandikwa "Shahidi wa kazi". Nikaandika saa mia moja na ishirini. Nikakifuta kidole kwa jani. Fomu ikapokelewa, ufadhili ukaendelea, nikamaliza shule, nikaajiriwa na Mfuko huu huu wa ufadhili, na leo ndimi mratibu ninayekagua fomu za vijana mia mbili kila mwaka na kuwaambia kwa macho makavu kwamba uaminifu ndio sharti la kwanza. Nimesema.

Sikuja kuwashtukiza. Barua ya jambo hili iko mezani kwa Mwenyekiti tangu juzi, imesainiwa kwa jina langu kamili, na uamuzi wowote Kamati itakaoutoa kuhusu kazi yangu nitaupokea bila kinyongo. Lakini nilitaka vijana hawa waupate ukweli kutoka kinywani mwangu, na si kwenye uvumi wa korido.

Likizo iliyofuata nilirudi. Hakuna aliyenilazimisha kurudi zahanati. Ningeweza kwenda kufundisha shuleni, kwenye ubao na chaki na heshima. Nilirudi kwa sababu nilikuwa silali vizuri. Niliingia pale mlangoni roho mkononi, nikingoja aniulize habari za kidole. Hakuuliza. Alinitazama miguuni, akasema, "Viatu hivyo havifai. Tunatembea."

Basi tukatembea. Alisema siwezi kurudisha kadi za watu nisiowajua wanakokaa. Ndugu zangu, mimi nilizaliwa hapa. Nilikwenda shule ya bweni nikiwa na miaka kumi na mmoja, nikajua miji mikuu ya nchi nyingi sana, lakini sikujua nani anaishi ng'ambo ya kisima. Wiki mbili nzima tulitembea njia zile. Kila siku njia moja, kwenda na kurudi, na zilizotushinda tulizirudia.

Leo nikifumba macho naziona. Njia ya kisimani, nyumba ya kwanza ya fundi cherehani, aliyekuwa na meza barazani na sindano tatu mdomoni, na akikusalimia hazidondoki. Ya pili ya wale mabibi wawili, mtu na wifi yake, waliogombana miaka sita na kugawana jiko kwa mstari wa chaki, lakini akiumwa mmoja, mwingine ndiye anayembeba. Njia ya shule, nyumba ya mwalimu wa hesabu aliyefuga bata na kuwaita kwa namba. Njia ya machimbo, vumbi jeupe mpaka kwenye nyusi za watoto, na yule mtoto wa wino mwekundu akikimbia mbele yetu na gurudumu la waya, mzima kabisa, hajui kwamba mimi ndiye niliyemtolea kadi isiyo yake. Kila nyumba Mama alisimama, akapiga hodi, akasema, "Nimekuletea yule msomi aliyekupoteza." Walicheka. Mimi niliona aibu kwenye nyumba ishirini za kwanza, kisha na mimi nikaanza kucheka.

Natamani ningeweza kuwarudishia siku zile, hata moja. Sauti ya ndala zake mbele yangu. Namna alivyokuwa akinyoosha mkono bila kugeuka nyuma, kunionyesha mahali pa kuruka mfereji. Wengi wa watu wale kadi zao zimegeuzwa kisogo sasa. Fundi cherehani, mabibi wote wawili, Sista mwenyewe. Sikuwahi kuwa na furaha kama ile ya kutembea nyuma ya mtu anayejua anakokwenda.

Tulirejesha droo saba zilizobaki. Mwaka ule aliweka kidole chake kwenye fomu yangu mpya, na nikaona kwa mara ya kwanza kwamba kidole gumba chake kina kovu, mstari mmoja unaokikata katikati. Kidole changu hakina kovu. Lakini nilijipa moyo kwamba hakuna aliyewahi kulinganisha.

Vijana, ninyi mnaolalamika, na najua mnalalamika kwa sababu bafuni kuna mwangwi: mnauliza kwa nini wiki mbili za kwanza tunawatembeza tu kama mbuzi na hatuwaruhusu kugusa kitu. Mmeziita "wiki za miguu". Sasa mmejua zilikotoka. Hazikutoka kwenye kitabu cha Mfuko. Zilitoka kwenye ndala za huyu mama. Na kundi la mwaka huu, mlioingiza kadi zile kwenye kompyuta mbili mpya, nawapongeza kwa jambo moja kuliko yote: kitu cha kwanza mashine inachouliza si jina. Inauliza, unatoka njia gani?

Mwezi uliopita nilikuja kumwambia Mama kuhusu sherehe hii. Nikaona siwezi kusimama hapa na kumsifu huku nimemficha. Nikamwambia yote, nyuma ya duka la vipuri, jani, kila kitu. Alikuwa anachambua mchele. Hakuacha kuchambua. Akasema, "Najua."

Nikamuuliza anajuaje. Akaniambia kwamba miezi mitatu baada ya mimi kuondoka alikuja bwana mmoja wa Mfuko, mwenye mkoba na miwani, anakagua fomu. Akamwonyesha ile yangu. Akamuuliza, "Hiki ni kidole chako?" Akajibu, ndiyo, ni changu. Yule bwana akakitazama kidole chake, akatazama karatasi, akasema, "Mbona cha kwenye karatasi hakina kovu?" Akamjibu, "Kovu nimelipata juzi, nilikuwa nafungua kopo."

Kovu lile analo tangu ana miaka saba.

Nililia palepale, na sioni haya kuwaambia. Nikamuuliza, Mama, kwa nini? Ulikuwa na haki ya kunikataa. Ningestahili. Akapuliza pumba kwenye ungo, akasema, "Droo saba zilikuwa bado. Wangekufukuza chuo, usingerudi. Nani angenimalizia?"

Nimefanya kazi na watu wengi wenye vyeo, Mheshimiwa Mwenyekiti, na nimesoma taarifa nyingi kuhusu maana ya kujitolea. Sijawahi kusikia sababu nzuri kuliko hiyo. Hakunihurumia, na wala hakunisamehe siku ile. Alinihitaji nirudi, na akaniachia mlango.

Nilikuwa nimekuja na ile fomu ya zamani. Niliitoa kwenye jalada kwa ruhusa ya mwenye jalada. Nikaitandika mbele yake, nikafungua kibweta, nikamwomba, baada ya miaka yote hiyo, aweke kidole chake halisi kando ya kile cha uongo. Aliitazama. Akanirudishia. Akasema, "Kadi moja bado."

Nikambishia. Nilimwambia tulizihesabu wenyewe. Akanishika mkono, akanileta hapa zahanati, akafungua droo ya nne, njia yetu. Akapitisha kidole juu ya kadi kama mtu anayepita barabarani, akafika kwetu. Kadi ya mama yangu, imegeuzwa kisogo. Baada yake ilifuata kadi ya jirani yetu seremala. Katikati yao kulikuwa na nafasi, upana wa kidole. Kwa miaka thelathini na minne amefuta vumbi kwenye droo ile, akapanga na kupangua watu waliozaliwa na waliohama, na nafasi ile hakuiziba.

Akaniambia, "Hapa palikuwa na mtoto. Alienda shule."

Ninayo hapa. Nimehama nayo nyumba tano na sikujua kwamba nimeiba. Imefifia, lakini inasomeka. Uzito wa kuzaliwa, chanjo zote, surua mara moja, na mwandiko wa Sista pembeni: "Analia sana, ila ni mzima."

Mama, fomu iko kwenye mkoba na kibweta cha wino kiko juu ya meza ya mapokezi. Ukiona inafaa, weka kidole. Usipoona, itarudi kwenye jalada ikiwa hivyo hivyo, na sitakulaumu. Nakushukuru kwa mlango. Kamati nawashukuru, wazee nawashukuru, vijana nawapenda, na ninyi nyote mliotulia nami mpaka mshereheshaji akasahau saa yake, asanteni kwa masikio yenu. Hotuba yangu imeisha. Naomba mnipishe kidogo hapo mbele, nina kadi ya kurudisha droo ya nne.